Gari Lililoniamkia

Nyie mliobaki getini mliniambia, "Bibi Mwaju, tuandikie ulivyokuwa unafanya kazi, maana ukishaondoka hatuna wa kumwuliza." Mkanipa na daftari jipya na kalamu mbili, kama vile kesho naenda kuanza shule. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie mkato wala nukta. Naandika kama ninavyosema. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa nini sitaziandika, hazimfundishi mtu kuchunga gari. Nanyi nawajua, mlitaka kusoma sifa. Zipo kidogo, ziko huku mwanzoni. Zifaidini, maana zikiisha zimeisha.

Pale nyumba ya wageni niliajiriwa kufagia ukumbi. Kuchunga magari ilikuwa kazi ya Mzee Mbaruku, mtoto wa manamba, baba yake alitoka mbali sana kuja kukata mkonge na akazikwa huku huku Korogwe. Mzee Mbaruku mwenyewe alikuwa askari wa shamba la mkonge kabla ya kuja kwetu. Alikuwa mfupi, mkali, na filimbi shingoni ambayo sijawahi kuisikia ikilia. Siku moja homa ilimkamata, akaniita na ufagio wangu mkononi. "Wewe mama, simama hapa mpaka nirudi." Alirudi baada ya siku nne. Alinikuta nimesimama. Basi hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza, ilikuwa na siku nne.

Uwanja wetu mnaujua, umebana kama shati la mtoto kwa mtu mzima. Magari yanapangwa safu tatu, la nyuma haliwezi kutoka mpaka la mbele lisogezwe. Ndiyo maana tangu zamani mgeni akiingia anamwachia mlinzi ufunguo. Wageni wa Dar es Salaam mwanzoni hushtuka. "Nikuachie ufunguo wa gari langu, mama?" Namwambia, "Niachie, au leo ulale hapa." Ananiachia.

Mzee Mbaruku alinifundisha kitu kimoja kikubwa: kuvuta vitasa. Kila mzunguko, kila gari, milango minne na buti. "Dereva atakwambia kafunga," alisema. "Wewe usibishane naye. Ngoja aende, kisha vuta. Vuta kwa nguvu mara moja, uende la pili. Mkono wako haukudanganyi." Nilivuta mpaka vidole vikaota sugu. Alinifundisha na kusogeza magari. Leseni sina mpaka leo, lakini magari ya wakubwa nimeyaendesha, hatua kumi mbele, hatua kumi nyuma, miaka yote hiyo. Ukiziunga hatua zile nadhani nimeshafika Arusha na kurudi. Ile alama kwenye ukuta wa tangi la maji, mkiulizwa ni ya nani, semeni ni ya Mwajuma. Breki na moto nilivichanganya siku ya pili ya masomo.

Zamani funguo zilining'inia kwenye misumari, ubaoni, ndani ya kibanda. Siku moja dereva mwenye haraka akachukua ufunguo usio wake, akaingia kwenye gari jeupe linalofanana na lake kama pacha, akaondoka. Kumbe lake lilikuwa pale pale linamngoja. Alifika Segera ndipo akasikia kuku wanalia nyuma ya kiti. Yeye hakuwa na kuku. Alirudi na jasho, na mwenye kuku alikuwa ameshaanza kunitukana. Tangu siku ile niliung'oa ubao. Nilishona mfuko wa kanga wenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na namba yake, nikawa naufunga kiunoni chini ya shati la kazi. Ufunguo ukiingia mle hautoki mpaka mwenyewe asimame mbele yangu. Mzee Mbaruku aliutazama, akasema, "Umenishinda." Ni sifa pekee aliyowahi kunipa, na alipostaafu aliniachia filimbi.

Sifa nyingine ni ya yule bwana aliyejifungia ufunguo ndani, injini inaunguruma, na ndani kuna bi mkubwa wake amelala usingizi wa dawa. Wanaume sita walizunguka lile gari wanatoa ushauri. Mmoja alishashika jiwe. Mimi nilichukua ule utepe mgumu wa plastiki unaofungia maboksi ya soda, nikaukunja katikati, nikaupitisha juu ya mlango, nikanasa kile kijiti cha loki, nikakivuta. Bi mkubwa aliamka akaniuliza kama tumeshafika.

Sifa zimeisha. Sasa someni.

Magari yalianza kubadilika kidogo kidogo. Kwanza zilikuja rimoti za vidude, unabonyeza linafunga, unabonyeza linafungua. Hizo nilizielewa. Kisha yakaja haya ya kubonyeza, ambayo ufunguo hauchomekwi popote. Mtu anatembea na kidude mfukoni, akishika kitasa gari linamjua. Dereva mmoja kijana wa idara fulani aliniambia siku moja, kwa heshima kabisa, "Shikamoo bibi. Hili lina akili yake, njoo nikuelekeze dakika mbili."

Nilimjibu, "Marahaba. Mimi nimeanza kufunga magari mama yako hajaota meno ya utu uzima. Lete hicho kidude."

Walinzi wenzangu walicheka. Nilipenda walivyocheka. Yule kijana akanipa kidude, akaenda zake ukumbini. Dakika mbili tu alikuwa ananiomba.

Wakati huo nilikuwa na mwenzangu, Ramadhani, sisi tulimwita Rama. Ni Mzigua wa huko Handeni, mtu mzima mwenye familia, mpole, mchelewaji wa kula na mwepesi wa kucheka. Mimi ndiye niliyemleta kazini na kumfundisha kuvuta vitasa kama nilivyofundishwa. Aliniita dada Mwaju. Kijijini kwao alikuwa mmoja wa wawili wenye kutunza ufunguo wa msikiti, akienda likizo ananionyesha wake, umefungwa kwa uzi mweusi. "Dada Mwaju, huku nafunga magari ya serikali, kule nafunga nyumba ya Mungu," alisema. "Kule ndiko naogopa."

Siku yenyewe ilikuwa ya semina ya walimu. Uwanja ulijaa mpaka kwenye maua. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Handeni alikuja na gari la mumewe, la kijivu, la chini, la haya haya ya kubonyeza. Nililipanga safu ya pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Alibonyeza kitu kwenye kitasa, likalia mara moja, akanikabidhi kidude. Kiti cha nyuma alikuwa ameacha begi.

"Mama, begi langu lina vitu muhimu. Litakuwa salama?"

"Mwanangu, hapa hakijawahi kupotea hata kifuniko cha tairi," nikamjibu. Ilikuwa kweli mpaka dakika ile.

Kidude nikakitia chumba namba saba, mfuko kiunoni, nikaanza mzunguko. Nilipofika kwenye gari lile nikakivuta kitasa kwa nguvu mara moja, kama nilivyofundishwa. Mlango haukufunguka. Nikaridhika. Ndipo gari likalia, pip pip, na taa zikakonyeza. Niliruka nyuma.

Rama alikuwa ananitazama kutoka getini. Akacheka mpaka akashika nguzo. "Dada Mwaju, gari linakuamkia! Linakwambia shikamoo!"

Nami nikalipigapiga kwenye paa, nikaliambia, "Marahaba, mjukuu wangu."

Tulicheka sana. Mpishi alitoka na mwiko kuuliza kuna nini. Waleta soda walikuwepo, wauza maji walikuwepo, watu walikuwa wanakatiza kwenda chooni, na wote tuliwasimulia kwamba bibi kaamkiwa na gari. Nilidhani ile pip pip ni jibu. Nilidhani linaniambia, nimefunga, nenda. Mbona mlango ulikuwa mgumu? Kitasa nilikivuta, nikakiachia, nikaondoka. Mkono wangu ulikuwa umeniambia.

Adhuhuri ilipoingia nilimkabidhi Rama ule mfuko, nikaenda kuswali chumba cha nyuma. Sikukaa. Nilirudi, nikaupokea, nikaufunga kiunoni. Saa tisa walimu wakatoka. Yule mwalimu nikampa kidude chake. Alifungua mlango wa nyuma, akasimama vile vile ameinama, kisha akaanza kupapasa chini ya viti. Begi halikuwepo. Kioo hakikuvunjwa, mlango haukukwaruzwa. Ndani ya begi kulikuwa na kompyuta na vyeti vyake vyote, vile halisi, alivibeba kwa ajili ya uhakiki. Kompyuta hata hakuitaja. Alikaa chini kwenye mchanga na nguo zake za semina, akasema, "Vyeti vyangu. Jamani, vyeti vyangu."

Meneja wa wakati ule alituita mbele ya watu wote. Alianza na mimi kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

"Mama Mwaju, hili gari ulilikagua?"

"Nililikagua."

"Lilikuwa limefungwa?"

"Wallahi lilikuwa limefungwa. Nilivuta kwa mkono wangu huu."

Nikauinua mkono. Niliuinua juu, wauone. Mimi Mwajuma niliyefungua mlango kwa utepe wa plastiki, nani angenibishia? Hakuna aliyenibishia. Sasa kama limefungwa na halikuvunjwa, limefunguliwa na nani? Hata mtoto angeuliza kilichofuata.

"Funguo zilikuwa kwa nani?"

Ningeweza kusema sijui lilivyofunguka. Ningeweza kusema magari haya mimi siyaelewi, mwiteni mtu anayeyaelewa. Maneno yale yalikuwepo mdomoni, yalikuwa mepesi. Lakini kusema siyaelewi mbele ya wapishi na madereva, tena baada ya kuinua mkono, hapana. Nikasema, "Zilikuwa kwangu. Nilimwachia Rama nilipoenda kuswali."

Kila neno hapo ni kweli. Ndiyo ubaya wake.

Rama alinigeukia. "Dada Mwaju. Mimi?"

"Mimi nasema nilichokiona," nikamjibu, na nikatazama tangi la maji.

Walimpeleka kituoni, wakamhoji, hawakumkuta na kitu wakamwachia. Kazi hawakumrudishia. Alikuja kuchukua koti lake la mvua na bakuli la chakula. Nilikuwa kwenye kibanda. Nilijifanya natafuta kitu chini ya meza mpaka alipotoka. Nilijiambia, mtu mpole ndiye wa kumwogopa. Nilijiambia, ukimlea mtu ndipo anapokuzoea. Nilijiambia mengi, na yote yalinikaa vizuri, kwa sababu katika yote mimi ndiye niliyeonewa.

Muda ukapita, nikakutana Segera na mama mmoja muuza machungwa anayetoka kijiji kile kile cha akina Rama. Akanisimulia bila kuulizwa. Habari ilifika kabla ya Rama mwenyewe kufika. Wazee wa msikiti hawakumwita mwizi, ni watu wa adabu. Walibadilisha kufuli tu. Rama alikwenda alfajiri na ufunguo wake wa uzi mweusi kufungua, ukagoma. Akarudi nyumbani, akaswali chumbani. Tangu hapo kazi ya ulinzi hakuna aliyempa, shule hapana, ghala hapana. Analima mahindi na kufuga mbuzi kwa mama yake.

Mjue nilimjibu nini yule mama. Nilimwambia, "Afadhali. Mtu wa namna ile hafai kushika ufunguo wowote." Nikanunua machungwa nikapanda gari.

Sasa nije kwa mjukuu wangu. Rehema ni mtoto wa binti yangu mkubwa, na mkitaka nimsifie nitajaza daftari hili na jingine. Ni fundi umeme wa magari hapa Korogwe, amesoma chuo cha ufundi, wanaume wanampelekea magari yaliyowashinda. Mikono yake ina mafuta mpaka siku ya Idi. Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja pale uwanjani kumrudishia mgeni gari lake. Akanikuta kwenye mzunguko, mfuko kiunoni, navuta vitasa. Akasimama ananitazama, mikono kiunoni.

"Shikamoo bibi. Unafanya nini?"

"Marahaba. Huoni? Nafanya kazi."

"Unafungua magari ya watu."

Nikamwambia asiniletee mzaha wa gereji. Hakucheka. Aliniomba mfuko, akaupeleka mpaka kwenye kibanda, akarudi, akaushika mkono wangu akauweka kwenye kitasa cha gari la kubonyeza. "Vuta." Nikavuta, kimya. "Vuta tena." Kimya, mgumu. Akaenda kuuchukua mfuko, akanifunga kiunoni mwenyewe. "Haya, vuta kama unavyovutaga." Nikavuta mara moja kwa nguvu. Mlango haukufunguka. Pip pip. Taa zikakonyeza.

"Si umeona," nikasema, "limefungwa, linajibu."

"Bibi, likilia mara moja limefunga. Likilia mara mbili limefungua. Wewe unavuta haraka mno, unaachia kabla loki haijamaliza kutoka, ndiyo maana unaona mgumu. Hebu vuta sasa."

Nikavuta. Mlango ukaja wote, mwepesi kama pazia.

"Linasikia rimoti iliyo kiunoni kwako, linadhani mwenye gari ndiye wewe," Rehema akaendelea. "Mengine yakikaa kidogo bila kufunguliwa mlango hujiloki yenyewe. Mengine hayafanyi hivyo. Bibi? Bibi, kaa chini."

Nilikaa kwenye tofali. Niliona begi la mwalimu. Nilijiona nalipigapiga gari kwenye paa. Tulikuwa tunacheka, na mlango uko wazi pale pale, na watu tunawaita waje kusikia kichekesho. Aliyechukua lile begi huenda na yeye nilimsimulia. Huenda alicheka.

Hapa naweka la kazini, mlishike hata mkiyasahau mengine yote. Rimoti za magari haya zikae kwenye kopo la bati lenye kifuniko, gari lisizisikie, juu ya meza ya kibanda, na kibanda kifungwe. Zisikae mwilini. Mwenye gari aloki mwenyewe mbele yako, mhesabu pamoja mlio wake: mmoja. Kisha akukabidhi, utie kwenye kopo, ndipo urudi mikono mitupu ukavute kitasa. Vuta polepole, na vuta mara mbili. Ule mfuko wa kanga niliokuwa najivunia nimeuchoma. Na kama kuna kitu hukielewi, sema hukielewi, hata kama wapishi wanakutazama. Wapishi hawana kazi.

Mngedhani siku ile ile nilikwenda kwa meneja. Sikwenda. Rehema nilimwambia ni presha tu, akaninunulia maji. Nilibaki na lile jambo miezi yote iliyobaki. Nilibadilisha utaratibu kimya kimya, nikaleta kopo la maziwa, nikawaambia ni kwa ajili ya mvua. Nyie mkalitumia bila kuuliza, mnaniamini. Ikaja sherehe ya kuniaga. Mnaikumbuka, mlipika nyie. Meneja wa sasa alisimama akasema mama huyu hajawahi kumpotezea mgeni kitu, isipokuwa siku moja tu alipoangushwa na mwenzake aliyemlea mwenyewe. Mkapiga makofi. Mlinivalisha kanga mbili. Mimi nilitabasamu nikainamisha kichwa, kama mtu anayesamehe. Kisha nikala pilau. Naandika makusudi mjue: nilikula, nikaongeza.

Nyumbani, Kwamndolwa, nikiwa sina tena magari ya kuzunguka, jambo lile ndilo lilikuwa linanizunguka mimi. Siku moja nachambua mboga na Rehema, nikamwaga yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza neno moja: "Uliapia wapi?"

"Uwanjani. Mbele ya watu."

"Basi."

Aliendelea kuchambua mchicha. Nilimtukana kidogo, kwa sababu alikuwa sahihi.

Nilianza kwa mwalimu. Namba yake nilitafutiwa. Nilimweleza yote. Kisha akasema, "Mama, mimi nilikuwa namlaani yule baba kila nilipokwenda kufuatilia vyeti. Kila safari." Akakata. Nikaenda kwa meneja. Akanikaribisha chai, akasema, "Bibi, hayo yameshapita, utajiharibia jina bure." Nikamwambia jina lipo, tena zuri mno, ndiyo maana nimekuja kuliharibu. Nilimtaka aandike barua kwamba Ramadhani hakuwa na kosa. Aliandika mistari mitatu. Nikamwambia aongeze jina langu na nilichofanya. Akaongeza.

Kisha nikapanda basi la Handeni. Rehema alitaka kunisindikiza, nikakataa. Kijijini nilishuka na barua kwenye mkoba, nikauliza kwa akina Ramadhani, watoto wakanipeleka. Rama alikuwa amekaa uani anapukuchua mahindi. Amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe upande mmoja. Aliniona tangu mbali. Hakusimama, hakuacha kupukuchua.

"Karibu, mama," alisema. Mama. Dada ilikwisha.

Kabla sijafungua mdomo mama yake alitoka ndani. Ni bibi kizee kuliko mimi, ameinama lakini macho makali. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mwajuma. Wa kule Korogwe, wa magari."

Alinitazama kuanzia miguuni. Sikukaribishwa kiti. Nikaona barua haitanisaidia, nikasema kwa mdomo, nimesimama. Nikasema gari lilikuwa wazi na mimi ndiye niliyelifungua kwa mkono wangu, bila kujua. Nikasema nilipoapa sikujua, lakini nilipogundua nilinyamaza, na kunyamaza kule nilikujua. Nikasema Ramadhani hakugusa kitu.

Mkono wa Rama ulisimama juu ya gunzi.

"Sema tena," mama yake akasema. "Masikio yangu mabovu." Na kabla sijaanza akapaza sauti juu ya ua, kwa Kizigua, na majirani wawili wakaja, mmoja na mtoto mgongoni. Masikio yake hayakuwa na ubovu wowote. Nikasema tena yote. Yule mwenye mtoto akauliza, "Kwa hiyo siku zote hizi baba wa watu hakuiba?" Nikamjibu, "Hakuiba." Rama alikuwa anatazama mahindi kwenye ungo kama mtu anayeyahesabu.

"Rama," nikamwita.

"Nakusikia."

"Mimi sikuombi unisamehe leo."

"Vizuri," akasema, "maana leo sina." Akachukua gunzi jingine.

Mama yake akamtuma jirani shambani kumwita mwenyekiti wa msikiti, yule aliyenunua kufuli jipya. Tulimngoja sana. Nilipewa maji, sikupewa kiti. Alifika na jembe begani, mtu mzima wa heshima, tukasalimiana, akauliza kulikoni. Wote walinitazama mimi. Nikasema mara ya tatu. Nikamtolea na barua, akaisoma polepole akifuata kwa kidole, akafika kwenye jina langu, akanitazama, akaikunja.

"Tumesikia, mama," akasema. "Ni jambo zito. Tutaitisha kikao."

"Kiitishe sasa hivi," mama yake Rama akamwambia. "Wazee wote wapo, wanasubiri alasiri. Na shahidi yupo, haendi popote. Basi la Korogwe limeshapita."

Ni kweli lilikuwa limeshapita. Honi yake niliisikia barabarani wakati nasema mara ya tatu, na sikugeuka.